Chomoa Waya Kwanza

Fundi aliyeupa mfumo endeshi wake mdogo uwezo wa kutumia faili za kompyuta nyingine hukuonyesha kitu kilekile: anafungua folda iliyo kwenye seva, anaburuta picha mbili tatu, kisha anakutazama usoni akingoja sifa. Usimpe bado. Folda hufunguka hata kwa kazi iliyolipuliwa. Mwambie anakili faili kubwa, megabaiti 700 hivi, kutoka kwake kwenda kwenye seva, na ikifika katikati uchomoe waya wa mtandao.

Kazi mbovu itaganda. Mshale wa kipanya unatembea, lakini hakuna dirisha linaloitika, maana keneli imeshikilia kufuli ikingoja jibu la seva isiyofikika. Hiyo angalau ni aibu ya wazi. Inayonitisha ni ile inayomaliza kunakili huku waya uko mkononi mwangu, ikatangaza kwamba mambo tayari. Kazi safi hungoja bila kuwazibia njia wengine: muziki unaendelea kulia, kitufe cha kughairi kinafanya kazi, na waya ukirudi baada ya dakika moja kunakili kunaendelea pale kulipoishia. Linganisha faili mbili hizo baiti kwa baiti. Ama zinalingana ama hazilingani. Hapa hakuna "karibu sawa".

Rudia, ila safari hii acha waya ulipo, zima seva na uiwashe tena. Hapa ndipo wengi hukwama, na sababu yake inafaa kuelezwa. Katika toleo la 2 la NFS, itifaki iliyotoka Sun miaka ya 1980, seva ilitakiwa iweke data kwenye diski kabla ya kujibu. Ni salama, lakini inakwenda kwa kujikokota. Toleo la 3, la mwaka 1995, liliiruhusu seva iseme "nimepokea" data ikiwa bado kwenye kumbukumbu tu. Kwa hiyo kompyuta iliyotuma inapaswa kubaki na nakala yake mpaka itume ombi la COMMIT, la kuitaka seva iiweke data hiyo kwenye diski, na kujibiwa. Majibu hayo huja na alama ya baiti 8. Seva ikizimika na kuwaka, alama hubadilika, na mtumaji akiona tofauti anatuma upya kila ambacho hakikuwa kimethibitishwa. Fundi mwenye haraka hutupa nakala mara tu anaposikia "nimepokea". Anaweza kukaa miezi bila mtu kugundua, mpaka siku umeme utakapokatika.

Mfumo wenye tabia zake za pekee una kipimo cha ziada. Chukua Haiku, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka 2001 ili kuendeleza mawazo ya mfumo endeshi wa BeOS. Humo faili hubeba vibandiko. Barua pepe ni faili moja, na mtumaji na mada yake vimeandikwa kama vibandiko, ndiyo maana dirisha la folda huvipanga kwa safu na unaweza kuvitafuta papo hapo. NFS ya toleo la 3 haina pa kuviweka. Toleo la 4 lina mahali, lakini ni kwa hiari ya seva, na nyingi hazijishughulishi. Programu ya NFSv4 ya Haiku, iliyotokana na Google Summer of Code ya 2012, ina chaguo la kuviiga pale seva inapokataa. Huo ni uamuzi wa mtu anayeujua mfumo wake. Mimi niliwahi kupeleka barua za miezi minne kwenye seva kwa njia nyingine, zikarudi na maandishi yake yote, ila safu za mtumaji na mada zilikuwa nyeupe pe.

Hapohapo Haiku ina mtego mwingine. Mtumiaji wake wa kawaida ana namba 0, ambayo kwenye Linux ni ya mkuu wa mfumo, na seva ya NFS ya Linux kwa kawaida humshusha mwenye namba hiyo awe mtu asiye na haki yoyote. Unasoma vizuri, ukitaka kuandika unafukuzwa. Fundi mzuri huandika sababu hiyo kwenye ujumbe wa hitilafu. Mbovu anakuachia "haikuwezekana".

Ukiulizwa itifaki gani inafaa mfumo mdogo, na seva ni yako, jibu 9P2000 ya mfumo endeshi wa Plan 9. Ina maombi 13 tu, na msimbo wake unaweza kuusoma mchana mmoja na kikombe cha chai. Lakini watu wengi huko nje wana Windows, na Windows husema SMB. Hapo uliza ni toleo gani. Kama ni la kwanza pekee, rudisha mzigo. Shambulio la WannaCry la Mei 2017 lilipitia tundu la SMB ya kwanza ndani ya Windows. Kosa halikuwa la fundi wetu, ila tangu mwishoni mwa mwaka huo Windows 10 mpya haikuwekewa tena seva ya toleo hilo, na programu ya fundi itabisha hodi bila kuitikiwa.

Jaribio la mwisho ni la dakika tano. Tengeneza folda yenye faili 3,000 kwenye seva, kisha ifute kutoka kwenye mfumo unaoupima. Orodha ndefu huletwa kwa mafungu, na kila fungu lina alama ya kuonyesha pa kuendelea. Ukifuta huku ukisoma, alama inaweza kuruka majina. Fungua folda uhesabu zilizobaki. Zikiwa 412, usimwambie kitu kwanza. Mwombe tu afute tena, na uone kama atashangaa.