Kulipima Daftari la Mvua kwa Kile Linachokionyesha

Nikipewa daftari la Jupyter lenye hesabu za mvua za Kitui na Makueni, siendi kwanza kwenye grafu. Naangalia namba zilizo kando ya seli. Zikifuatana 1, 2, 3 hadi mwisho, mwenye kazi amelianzisha daftari upya na kuliendesha lote kwa mpangilio kabla ya kulitoa. Zikiruka kutoka 47 kurudi 12, huenda matokeo yaliyo mbele yangu yalitokana na msimbo ambao umeshabadilishwa au kufutwa, na hapo sina cha kuamini.

Kisha nashuka taratibu, nikitafuta yaliyojitokeza bila kuitwa. Jupyter huonyesha yenyewe thamani ya mstari wa mwisho wa seli. Ukichora mgawanyo wa mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, kwa `plt.hist`, safu za namba humwagika juu ya mchoro ingawa hakuna aliyeziomba. Fundi hutia nukta-mkato mwishoni mwa mstari, ukabaki mchoro peke yake. Alama hiyo moja huniambia kwamba mtu huyu alimfikiria msomaji.

Mizunguko nayo hufichua mengi. Data za mvua za CHIRPS zinaanza mwaka 1981. Anayezipitia mwaka baada ya mwaka na kuchapisha ujumbe kila mara hutuachia ukurasa mzima wa "tayari, tayari". Aliye makini hutumia `clear_output(wait=True)`, ujumbe mpya ukachukua nafasi ya uliotangulia. Maktaba nazo husakinishwa kwa `%pip install -q`, ili ujumbe wa usakinishaji usijaze ukurasa.

Lakini usafi una mipaka, na hapa ndipo ninapowatenganisha mafundi na wapambaji. Daftari linalofunguliwa kwa `warnings.filterwarnings('ignore')` nalirudisha kwa mwenyewe. Rekodi za vituo vya mvua huwa na mapengo. Msimu mzima ukikosa vipimo, `np.nanmean` hutoa onyo kwamba inatafuta wastani wa kitu kisichokuwepo. Aliyeziba maonyo yote hatalisikia. Kama kuna onyo unalolijua na lisilo na madhara, lizime hilo tu, ndani ya `warnings.catch_warnings()`, na uandike sababu pale pale.

Hatari zaidi ni pale ambapo kompyuta haisemi lolote. Katika pandas, jumla ya safu iliyo tupu kabisa ni 0. Kwa hiyo msimu ambao hakuna aliyepima mvua Makindu au Mutomo utaonekana kama msimu ambao halikudondoka hata tone. Ukambani, ziliko Kitui na Makueni, sifuri hiyo itasomwa kuwa ukame, na mtu anaweza kuamua kuhusu mbegu za ndengu au chakula cha msaada kwa kuiamini. Ndiyo maana daftari bora, hata likiwa na maneno machache, huweka `min_count` katika jumla na kuonyesha katika jedwali, kando ya kila msimu, idadi ya siku zilizopimwa. Jedwali hilo dogo halipendezi macho. Mimi hulitafuta kabla ya rangi zozote.

Mwisho nafungua faili yenyewe kama maandishi. Kuikunja seli hakufuti kilichomo: matokeo hubaki ndani ya `.ipynb`. Pale mvua zinapounganishwa na mahojiano ya kaya, `df.head()` moja iliyosahaulika hubeba mistari mitano yenye majina na namba za simu za wakulima, nayo husafiri popote faili inapotumwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na wakulima hao walijibu maswali kwa kutuamini. Nataka kuona safu za majina na namba za simu zimeondolewa mwanzoni kabisa, data inaposomwa, na `nbstripout` imefungwa kwenye Git ili matokeo yasiingie kwenye hifadhi ya pamoja. Nikikuta jina hata moja, daftari halipiti, hata kama hesabu zake zote ni sahihi.