Heko, Nevena Kokanova

Mwigizaji Nevena Kokanova alizaliwa mwaka 1938 huko Dupnitsa, Bulgaria. Hakupitia chuo cha sanaa. Ujuzi aliupata jukwaani, akianza kama mwanagenzi katika ukumbi wa maigizo wa mji mdogo wa Yambol, na baadaye akahamia Sofia kwenye Ukumbi wa Tamthilia za Tashtiti. Wanaodhani kipaji hakiwezi kukomaa bila cheti wamtazame yeye.

Sinema ndiyo iliyomvusha mipaka. Mwaka 1962 alikuwa Irina katika filamu ya “Tumbaku”, na miaka miwili baadaye ikaja “Mwizi wa Mapichi” ya mwongozaji Vulo Radev. Hadithi yake ni ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, katika mji wa Veliko Tarnovo. Lisa, mke wa kanali, anamfuma mfungwa wa Kiserbia akiiba mapichi bustanini, na penzi linaanzia hapo. Kokanova hapayuki wala halii ovyo. Anatulia, anamtazama yule mwanamume mwenye njaa, na usoni mwake unaona upweke wa miaka ya ndoa ukianza kuyeyuka. Sijaona waigizaji wengi wanaothubutu kufanya machache kiasi hicho mbele ya kamera.

Alifariki mwaka 2000. Ukiipata “Mwizi wa Mapichi”, usiikimbie kwa kuwa haina rangi. Kaa uitazame hadi mwisho, hasa wewe unayejifunza uigizaji.