Kosa Namba 32

Fundi anayejua kazi yake hashtuliwi na wekundu wa ripoti ya antivairasi. Huangalia kwanza kitenzi: programu imekuta kitu, au imeshindwa kufungua faili? Mteja aliyesimama nyuma yake huyaona yote mawili kuwa balaa moja, na wapo mafundi wanaoiacha hofu hiyo ikae, kwa kuwa kupiga Windows upya kunalipa.

Chukua Firefox kwenye Windows. Ndani ya folda ya wasifu kuna faili liitwalo parent.lock, lenye ukubwa wa baiti 0. Halina cha kukaguliwa. Firefox ikiwaka hulishika na kuiagiza Windows isimfungulie mwingine, ili kivinjari cha pili kisije kikaandika kwenye wasifu uleule na kuvuruga alamisho. Antivairasi ikilitaka, Windows hujibu kwa kosa namba 32: faili linatumiwa na programu nyingine.

Kazi ya SQLite ni ya ustadi zaidi, nami siichoki. Ndiyo hifadhidata, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, inayotunza historia ya kurasa ndani ya faili la Firefox liitwalo places.sqlite. Windows ina ukali wake: sehemu ya faili ikifungwa na programu moja kwa matumizi yake peke yake, nyingine haziwezi kuisoma. Kwa hiyo SQLite haifungi data. Hufunga baiti chache zinazoanzia nafasi ya 1,073,741,824, umbali wa gigabaiti moja, hata kama faili lenyewe halijafika huko. Programu zinazoijua SQLite hupeana zamu kule mbali, data ikabaki inasomeka. Faili likikua hadi kufika hapo, ukurasa ule hurukwa, hauandikwi kitu. Aliyewaza hivyo alimfikiria hata mgeni asiyejua taratibu za nyumba.

Chrome imekwenda njia nyingine. Mwaka 2023, kwenye Windows, ilianza kulifunga kabisa faili la vidakuzi wakati wote kivinjari kikiwa wazi, maana wezi wa akaunti hulinakili faili hilohilo. Mkaguzi naye hukwama hapo, pamoja na mwizi.

Basi fundi hufunga kivinjari, kisha huingia Task Manager kuhakikisha hakijabaki kikifanya kazi chinichini. Chrome ina tabia hiyo. Hukagua tena folda ile moja tu, si diski nzima. Mara nyingi mafaili hufunguka na ripoti hutoka safi. Likibaki moja linalokataa, hapo ndipo huvuta kiti. Hufungua Resource Monitor, huandika jina la faili kwenye nafasi ya kutafutia, na kusoma ni programu gani bado imelishika.