Sharti Liulize, Lisiamuru

Nawapenda waandishi wa programu ambao wakifika kwenye sharti hupunguza mwendo. Kwingineko vidole vyao hukimbia tu, lakini wakishaandika if na kufungua mabano, hukagua kila alama. Wanajua kwamba humo ndani kompyuta inaulizwa swali, na alama moja ya sawasawa ikikaa mahali pa mbili, swali hilo hugeuka amri.

Alama yenyewe ni ya zamani. Robert Recorde, mwanahisabati kutoka Wales, aliitoa katika kitabu chake cha mwaka 1557: mistari miwili sambamba, kwa kuwa hakuona vitu viwili vinavyolingana kuliko hiyo. Karne nne baadaye Fortran ikaipa kazi nyingine kabisa, ya kuweka thamani ndani ya kigeu. Algol na Pascal ziliiwekea nukta mbili mbele yake ili kazi hizo zisichanganyike. Lugha ya C, iliyozaliwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilishika njia ya mkato: kwa kuwa kuweka thamani hufanyika mara nyingi zaidi kuliko kulinganisha, kuweka kukapata alama moja, kulinganisha mbili. Java ikarithi hivyo hivyo.

Hatari ya urithi huo ilionekana Novemba 2003. Mtu asiyejulikana alipenyeza mistari miwili katika nakala mojawapo ya kiini cha Linux. Ukiisoma harakaharaka, unaona sharti linauliza kama namba ya mtumiaji ni sifuri, yaani kama yeye ndiye mkuu wa mfumo. Lakini alama ilikuwa moja. Sharti halikumuuliza mtu cheo chake, lilimpa. Yeyote aliyejua siri ile angeimiliki kompyuta nzima. Hila iligunduliwa mapema kwa sababu waangalizi waliona badiliko lisilo na kumbukumbu ya kuidhinishwa.

Hapo ndipo ninapowavulia kofia James Gosling na wenzake wa Sun Microsystems, walioitoa Java mwaka 1995. Katika C, namba yoyote hukubalika kuwa sharti: sifuri ni uongo, nyingine zote ni kweli. Java ilikataa. Ndani ya mabano inataka kweli au uongo, basi. Andika if (umri = 18), na kompaila itagoma palepale, ikikueleza kuwa namba haiwezi kuwa jibu la namna hiyo. Kosa linanaswa kabla programu haijaendeshwa hata mara moja.

Umebaki mwanya mmoja: if (amelipa = true). Kigeu hicho tayari ni cha kweli au uongo, kwa hiyo kompaila inapitisha bila neno. Kuanzia hapo kila mteja amelipa, hata ambaye hajatoa senti, na thamani iliyokuwa ndani ya kigeu imefutika. Wapo wanaojikinga kwa kupindua mpangilio, if (true == amelipa), maana hapo alama ikipungua kompaila itakataa. Inafanya kazi, ila inasomeka kinyumenyume, na mimi siipendi. Fundi mahiri huandika if (amelipa) na kuendelea na kazi. Hakuna alama ya kukosea, na swali linasomeka kama linavyotamkwa.

Kuna pia mahali ambapo kuweka thamani ndani ya sharti ni ufundi safi, kwa anayesoma faili mstari kwa mstari: while ((mstari = msomaji.readLine()) != null). Amri inatekelezwa kwanza, kisha swali linaulizwa juu ya kilichopatikana. Mabano ya ndani ni ya lazima; bila hayo Java ingelinganisha kwanza, ipate kweli au uongo, kisha ikatae kuuweka mahali pa maandishi. Anayekagua kazi ya mwenzake akikuta mstari huo hahitaji kuuliza kama alama ile moja iliponyoka kidoleni. Mabano yamekwisha kumjibu.