Hadithi Zetu Darasani: Uhakiki wa Uteuzi wa Fasihi ya Wenyeji katika Shule za Sekondari za Ufipa

Utangulizi

Nilipokuwa nikihudumu katika usharika wa Mpui, mwalimu wa Kiswahili wa shule moja ya sekondari alinijia na daftari mkononi. Alikuwa amewatuma wanafunzi wake wa kidato cha pili wakakusanye ngano kwa babu na bibi zao, kwa kuwa muhtasari wa somo unadai kwamba fasihi simulizi ifundishwe. Daftari lilikuwa limejaa. Ndani yake mlikuwa na mizimu, waganga, sungura mwongo na pombe ya ulezi. Wazazi wawili, ambao ni washarika wangu, walikuwa wamelalamika kwamba shule inawarudisha watoto wao katika upagani, naye mwalimu akaja kutaka shauri la mchungaji. Nilimwambia aziache ngano zile, atafute nyingine zenye mafundisho mema. Akatii, na daftari lile halikufunguliwa tena. Tangu siku ile nimewazika kwa mikono yangu wazee wawili miongoni mwa wale waliowasimulia watoto.

Naandika makala hii kwa sababu naamini nilikosea, na kwa sababu wanafunzi wa theolojia wanaosoma kurasa hizi wataulizwa swali lilo hilo katika sharika zao. Swali lenyewe ni hili: ni fasihi ipi ya wenyeji inayostahili kuwekwa mbele ya kijana wa sekondari, na kwa kipimo gani?

Luther na hadithi za watu wake

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule na maktaba. Sisi Walutheri hupenda kuukumbuka waraka ule kwa jinsi ulivyotetea Kiebrania, Kigiriki na Kilatini. Twasahau kwamba humo humo Luther alilalamika kuwa visa na semi nyingi nzuri za Wajerumani zimepotea kwa kukosa mtu wa kuziandika, na kwamba kwa ajili hiyo mataifa mengine huwahesabu Wajerumani kuwa wanyama tu, wasiojua lolote ila kupigana, kula na kulewa. Mfipa asomaye maneno hayo hana haja ya mfasiri. Watu wasio na hadithi zao katika kitabu husimuliwa na wengine, na mara nyingi husimuliwa vibaya.

Tena mwaka 1530, alipokuwa katika ngome ya Coburg akingojea habari za Mkutano wa Augsburg, Luther alishika kazi ya kuwafasiri manabii, na sambamba nayo akaanza kuziandika upya kwa Kijerumani hadithi za Esopo. Esopo hakuwa Mkristo, na wanyama wake hudanganyana na kurarua. Hata hivyo Luther aliziona ngano hizo kuwa zafaa kusomwa na baba mezani pamoja na watoto wake. Yafaa tuangalie kwamba hakuchukua kila kitu: toleo lililokuwa likisomwa wakati ule lilichanganya ngano na visa vya aibu, naye alitaka kulisafisha. Kwa hiyo kuteua si dhambi. Dhambi yangu mimi ilikuwa kuteua pasipo kusoma.

Hazina zilizokusanywa zikaenda mbali

Isisemwe kwamba hapakuwa na wakusanyaji. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyeishi miaka mingi miongoni mwa Wachagga, aliyakusanya mafundisho waliyopewa vijana wao wakati wa jando, nayo yakachapishwa Ujerumani kwa juzuu tatu kati ya 1932 na 1938. Hapa kwetu Ufipa, Roy Willis, mtaalamu wa anthropolojia kutoka Uingereza, alifanya utafiti katika miaka ya 1960, na mwaka 1978 Oxford ikachapisha mkusanyo wake wa fasihi simulizi ya Wafipa uitwao There Was a Certain Man.

Kazi hizo ni za heshima, na pasipo hizo tungalikuwa maskini zaidi. Lakini mhakiki hana budi kuuliza kitabu kimeandikwa kwa ajili ya nani. Mkusanyo wa Willis umeandikwa kwa Kiingereza ili usomwe na wataalamu. Ngano iliyosimuliwa jikoni kando ya moto, ambako watoto huitikia na msimulizi hubadili sauti akiigiza fisi, humo imekuwa ushahidi wa kuchunguzwa. Kijana wa Mpui anayetaka kuisoma hadithi ya bibi yake hana budi kuipokea kwa lugha ambayo bibi mwenyewe hakuijua. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizihimiza jamii zetu kuendelea kuzitumia lugha zao za asili na kujivunia. Hata hivyo shule zetu hufundisha kwa Kiswahili katika msingi na kwa Kiingereza katika sekondari, na Kifipa hubaki nje ya lango.

Vitabu ambavyo vijana wamevisoma

Kwa miaka mingi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamehakiki tamthiliya ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Ni kazi yenye ucheshi na somo la uwajibikaji: karani wa sensa anakwenda kijijini, anasahau kazi yake kwa sababu ya msichana, na karatasi za serikali zinateketezwa. Lakini macho yanayoongoza tamthiliya hii yametoka mjini. Wanakijiji wamo ili tuwacheke, au ili tusikitikie ujinga wao. Kijana wa uwandani aliyelelewa na kitabu cha namna hii peke yake atajifunza kuwaona wazazi wake kama Ngoswe alivyowaona.

Takadini ya Ben Hanson ni habari nyingine. Visa vyake ni vya Zimbabwe, na majina ya watu wake ni mageni kwetu. Mama anazaa mtoto mwenye ualbino, mila inadai mtoto auawe, naye anatoroka na mwanawe hadi anapopokewa katika kijiji kingine. Nchi yetu, pamoja na mkoa huu wa Rukwa, imeona watu wenye ualbino wakikatwa viungo na kuuawa, hasa tangu mwaka 2007. Kitabu hiki cha kigeni kimesema nasi kwa ukaribu kuliko vingi vya nyumbani. Hivyo neno wenyeji lisifungwe katika mipaka ya wilaya. Swali ni kama kitabu kinamchukua mtu wa kijijini kuwa nafsi kamili, mwenye hofu na upendo, anayeweza kuitii mila na kuipinga.

Mfano wa Kitereza

Kwa kipimo hicho sijaona kitabu kinachomshinda Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mkatoliki huyu aliyesomea seminari ya Rubya aliandika riwaya yake kwa Kikerewe na kuikamilisha mwaka 1945. Hakupata mchapishaji, kwa kuwa wasomaji wa Kikerewe walihesabiwa kuwa wachache. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na hatimaye mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaitoa kwa juzuu mbili: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata alifariki. Huo ndio mwendo wa fasihi ya wenyeji katika nchi yetu: miaka 35 tangu kalamu ilipowekwa chini hata kitabu kilipotoka.

Kisa chake ni chepesi kusimuliwa. Bugonoka hana mtoto, ndugu za mume wanamsimanga, na wazazi wake wanamrudisha kwao. Myombekere hatafuti mke mwingine bali anamfuata ukweni, anakubali kutozwa pombe, na baada ya mkewe kupata dawa wanajaliwa watoto. Wakati wa hadithi ni kabla ya wageni kutoka Ulaya. Mwandishi ni Mkristo, lakini hakuweka mahubiri vinywani mwa mababu zake. Aliwaacha waseme, walime, wavue, waombe radhi na wacheke.

Kasoro zipo, na mwalimu asizifiche. Mwandishi hukatiza kisa mara kwa mara ili aeleze desturi, hata msomaji kijana akachoka. Mamlaka ya mume juu ya mke huelezwa pasipo kuhojiwa sana. Tena mtoto wa Mpui, anayejua ulezi na mahindi, atahitaji kuelezwa pombe ya ndizi. Riwaya ni ndefu mno kwa muhula mmoja, kwa hiyo ningeshauri darasa lisome sehemu ya kwanza, tangu Bugonoka anapoondoka hadi anaporudi.

Faida yake kwetu ni kubwa. Kila mchungaji anayesoma hapa amewahi kuketi na mwanamke aliyerudishwa kwao kwa sababu ya utasa, mara nyingine na mume aliyebatizwa na kufunga ndoa kanisani. Kijana aliyemsoma Myombekere, kisha akawasoma Elkana na Hana katika 1 Samweli 1, atajua kwamba uaminifu kwa mke asiyezaa haukuletwa na meli za wamisionari, na kwamba masimango hayakuondolewa na ubatizo.

Hoja ya mizimu

Washarika wangu wataniuliza: je, na mizimu? Najibu kwa Maandiko. Biblia inatusimulia habari ya Sauli na mwanamke wa Endori (1 Samweli 28), na ya Nuhu aliyelewa (Mwanzo 9). Hatujazikata kurasa hizo, bali twazifundisha. Paulo naye pale Areopago (Matendo 17) aliwataja washairi wa Wayunani, ambao hawakumjua Kristo. Ngano yenye mganga ndani yake inaweza kuhojiwa darasani, mbele ya mwalimu, na mwanafunzi akaruhusiwa kuikataa. Ngano iliyofukuzwa darasani hubaki gizani, ambako hakuna wa kuihoji.

Pia tutafakari nguvu tunayoitumia. Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 kutumika shuleni, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Sibishani na wajibu wa serikali kulinda watoto. Nasema tu kwamba kuondoa kitabu ni kazi ya siku moja, hali kuweka kingine mahali pake ni kazi ya miaka, na sisi viongozi wa dini hujitokeza zaidi katika ile ya kwanza.

Hitimisho

Wafipa wana simulizi ya Milansi: mtawala mwenyeji alikuwa mawindoni, wanawake wageni wakaingia na kutwaa utawala, nao ukoo wa Milansi ukabakiwa na eneo dogo na heshima ya ibada. Hiyo ingetosha kwa somo la juma zima. Nani alimkaribisha mgeni? Je, alikosea? Ni nini kilichobaki kwa mwenyeji? Vijana wanaojadili hayo watakuwa wanajadili pia historia ya Kanisa katika uwanda huu, nasi tuwe tayari kusikia majibu yao.

Mwalimu yule nimemwendea na kumwomba radhi. Tumekubaliana kuanza daftari jipya, safari hii ngano ziandikwe kwa Kifipa upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili, na kila ngano ibebe jina la msimulizi kwa ridhaa yake. Nawasihi wanafunzi wetu watakaopelekwa vijijini wafanye vivyo hivyo na shule zilizo karibu nao, na waanze na washarika walio wazee kuliko wote, kwa maana hao hatutakuwa nao muda mrefu.