Makaratasi ya Boti Binafsi, Mombasa hadi Tanga

Boti binafsi ikitia nanga Tanga ikitokea Kenya, karatasi inayoulizwa mapema kuliko zote haikutolewa Tanzania. Ni kibali cha kuondoka cha forodha ya Mombasa au Shimoni, chenye jina la chombo, jina la nahodha, idadi ya watu waliomo na bandari kinakoelekea. Wenye boti wengi huhangaika kwanza na fomu za nchi wanayokwenda, kibali hiki wakakiacha kiwe shughuli ya asubuhi ya safari. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Ofisa wa Tanga hana njia nyingine ya haraka ya kujua kwamba chombo kilicho mbele yake ndicho kilichoondoka kwa jirani, na kwamba kimeondoka kwa ruhusa.

Umbali wenyewe ni kama maili 70 za baharini. Kaskazi ikisukuma kutoka nyuma, boti ya matanga huumaliza ndani ya siku moja. Makaratasi hayaendi kwa mwendo huo. Tena kuyakusanya ni sehemu ndogo tu ya kazi. Sehemu kubwa ni kuyalinganisha, mpaka kila karatasi iseme jambo lilelile linalosemwa na nyingine. Nikipewa faili la safari kulikagua, sianzi kwa kuuliza kama limekamilika. Naanza kwa kutafuta mahali ambapo linajipinga lenyewe.

Ugumu huu una chanzo chake. Mwaka 1965 mataifa yalitia saini mjini London mkataba wa kurahisisha usafiri wa baharini wa kimataifa, na kutokana na mkataba huo meli za biashara zina fomu zinazofanana karibu dunia nzima. Kifungu chake cha pili kinaziweka kando manowari na boti za starehe. Kwa hiyo mwenye boti hana fomu yake ya kimataifa; kila nchi humhudumia kwa utaratibu wake, na mara nyingi hupewa fomu ileile ya meli ya mizigo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika Kenya na Tanzania, nayo inataka chombo kinachotoka nje kiingilie bandari iliyotajwa kwa kazi hiyo, na nahodha atoe taarifa ndani ya saa 24 tangu kufika. Na kwa kuwa fomu ni ya meli ya mizigo, boti ya mita kumi hukutana na swali la tani ngapi za shehena imebeba. Andika “hakuna”. Usiache nafasi tupu, kwa kuwa nafasi tupu chini ya saini yako inaweza kujazwa na mtu mwingine.

Faili la chombo chenyewe linaanza na hati ya usajili, halisi, si nakala. Hapa boti zilizonunuliwa mitumba ndizo zenye matatizo. Chukua boti yenye bendera ya Uingereza iliyo kwenye sehemu ya tatu ya daftari lao la meli, ile ya vyombo vidogo. Hati yake hudumu miaka 5 na inathibitisha utaifa wa chombo, lakini haithibitishi nani mmiliki. Nahodha anayeitoa akidhani ameonyesha umiliki atatakiwa alete na mkataba wa mauzo. Ikiwa mwenye boti hayumo safarini, au boti ni mali ya kampuni, inahitajika barua ya idhini inayomtaja nahodha kwa jina na namba ya pasipoti, ikataja nchi anazoruhusiwa kuipeleka na muda wa ruhusa hiyo, ikiwezekana imeshuhudiwa na wakili.

Kisha linganisha hati na chombo. Jina lililoandikwa nyuma ya boti liwe lile la kwenye hati, herufi kwa herufi. Namba ya mashine isomwe kwenye mashine yenyewe, kwa tochi, isinakiliwe kutoka risiti ya zamani. Kuna sehemu moja ambayo karibu kila mtu huisahau, nayo ni redio. Chombo chenye redio ya kidijitali hupewa namba ya utambulisho yenye tarakimu tisa, na tatu za mwanzo hutaja bendera: 634 ni Kenya, 674 na 677 ni Tanzania. Boti ikiuzwa na kubadili bendera bila redio kupangwa upya, hati inasema nchi moja na redio inatangaza nyingine. Ukipata dhiki baharini, waokoaji wataanza kuulizia taarifa zako kwa nchi isiyokujua. Kwa sababu hiyo pekee ningeikagua redio kabla ya kufungua faili lolote.

Karatasi nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni orodha ya watu waliomo. Inaonekana nyepesi: jina, uraia, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, kazi ya mtu chomboni. Lakini ndiyo pekee inayosomwa na kila ofisi, ya uhamiaji, ya afya, ya forodha na ya bandari. Mtu ambaye pasipoti yake inasema Mohamed Ali Said akiandikwa Muhammad Said, uhamiaji watakuwa na mtu mmoja na forodha mwingine. Andaa nakala nyingi zilizosainiwa na kupigwa muhuri wa boti, maana kila meza itabaki na yake. Muhuri huo si sharti la kimataifa, ila katika mwambao wetu hupunguza maswali.

Uzito wa orodha hii pwani yetu si wa leo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliolenga kukomesha biashara ya utumwa, uliagiza majahazi ya wenyeji yabebe orodha ya mabaharia iliyothibitishwa katika bandari ya kuondokea na kukaguliwa katika bandari ya kufikia, kwa kuwa watu waliokuwa wakipelekwa kuuzwa walikuwa wakipitishwa kwa jina la mabaharia. Hata uwiano wa mabaharia na ukubwa wa jahazi ulitakiwa kuangaliwa. Miaka 15 baadaye, Agosti 1905, mahakama ya usuluhishi ya The Hague iliamua mgogoro wa Uingereza na Ufaransa kuhusu majahazi ya watu wa Sur, Oman, yaliyokuwa yakisafiri kwa hati na bendera za Kifaransa. Mahakama ililazimika kuchambua nani alipewa karatasi hizo, lini, na kama angeweza kumpa mwingine. Ofisa anayehesabu vichwa kwenye boti yako anafanya kazi ile ile, naye ana haki ya kutaka hesabu ikamilike. Kwa hiyo rafiki anayepanda Mombasa akikusudia kushukia Tanzania na kurudi kwa ndege asiandikwe baharia. Aandikwe abiria, na kushuka kwake kuripotiwe uhamiaji siku ileile. Asipoondolewa kwenye orodha, nahodha ndiye atakayeulizwa yuko wapi. Na wageni waliozoea viza ya pamoja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda waelezwe mapema kwamba haiingii Tanzania.

Upande wa afya hauna mengi. Bendera ya njano hupandishwa ukiingia maji ya nchi, maili 12 kutoka pwani, kutangaza kwamba chombo ni kizima na kinaomba ruhusa ya kuchanganyika na watu wa nchi kavu. Kabla ya ruhusa hiyo, nahodha peke yake ndiye anayeshuka, tena kwenda ofisini tu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Kwa hiyo anayechanjwa wiki ya safari amechelewa.

Forodha wanataka kujua kwamba boti imeingia kwa muda na itatoka. Uingizaji wa muda chini ya sheria ile ya Jumuiya hauvuki miezi 12. Ukipitiliza, chombo huanza kuhesabiwa kama bidhaa iliyoingizwa, na ushuru wake si mdogo. Orodhesha vitu vinavyoweza kuuzwa peke yake, kila kimoja na namba yake: mashine ya kupachika, kidau cha kwendea ufukweni, redio, droni kama ipo. Droni ina kibali chake Tanzania, nacho hakipatikani gatini. Hata vyakula vitazamwe vimefungwa kwa kitu gani, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019.

Anayepanga kuvuka hadi Unguja asidhani mihuri ya Tanga inamtosha. Pasipoti ni jambo la Muungano, lakini Zanzibar ina shirika lake la bandari na mamlaka yake ya usafiri baharini, na tangu Oktoba 2024 inawataka wageni kutoka nje wawe na bima ya safari ya shirika la bima la huko.

Kwingineko duniani karatasi sasa hutangulia chombo. New Zealand inataka taarifa angalau saa 48 kabla ya kufika, na tangu 2018 inataka pia ushahidi kwamba sehemu ya boti iliyo majini ni safi, kwa mfano risiti na picha za usafishaji uliofanywa ndani ya siku 30 kabla ya kufika. Australia inataka taarifa angalau saa 12 kabla. Ukikosea tarehe moja, kosa limeshafika kwenye kompyuta yao ungali katikati ya bahari. Natamani kanda yetu ipate fomu moja fupi ya boti, itumwe mapema na isomwe na ofisi zote.

Mpaka hapo, swali la wakala linabaki. Kwa safari ya Tanga nahodha mvumilivu anaweza kuzunguka ofisi mwenyewe, na ningemshauri afanye hivyo mara ya kwanza ili ajue kila ofisi inatafuta nini. Penye bandari kubwa na ofisi zilizotawanyika, wakala anastahili malipo yake. Mpe barua inayotaja kazi anayofanya na ukomo wake, mwachie nakala badala ya hati halisi kila inapowezekana, kubalianeni bei kwa maandishi ikitenganisha ada za serikali na ujira wake, na usimalizie fedha kabla hujasoma mwenyewe jina la boti, idadi ya watu na bandari ya safari kwenye kibali anachokukabidhi.