Askari na Jimbo Lake

Europa Barbarorum, mchezo wa kompyuta uliojengwa na wapenzi wa historia juu ya Rome: Total War, wastahili kuhakikiwa kama utungo mwingine wowote. Kanuni yake mojawapo ni hii: atekaye jimbo huandika humo askari wa miguu wa asili ya jimbo lile. Kanuni hii ina sifa, kwani yamfunza mchezaji kwamba majeshi ya kale hayakufanana.

Lakini na tuipime kwa Bagamoyo ya mwaka 1889. Hermann Wissmann, alipotumwa na Ujerumani kumpiga Abushiri bin Salim, hakungoja Mrima umpe jeshi. Aliandika Wasudani huko Kairo, wengi wao wakiwa wametumikia jeshi la Misri na kukosa kazi, pamoja na watu wa Msumbiji, aghalabu Washangaan, waliobandikwa jina la Wazulu. Hata kabila la askari, basi, lilitajwa na mwajiri. Abushiri naye mwaka ule ule aliwaleta Wambunga kutoka bara.

Hapo ndipo kanuni inapopwaya. Ramani yatuambia askari kazaliwa wapi. Haisemi nani amlipaye, wala kwa nini mgeni apendelewe. Mgeni hana mjomba wala shemeji katika mji anaoamriwa kuupiga. Mtungaji wa mchezo akiacha ujira na udugu, ameeleza nchi, hajaeleza vita. Yafaa wafuatao waandike pia gharama ya kumwamuru mtu awapige jamaa zake.